Sonona ya uzazi: kipi cha malezi, kipi cha maradhi ya zamani, na nani akae na mzazi

Arubaini ikitimia, mzazi hukoga, hufukizwa udi, mtoto hutolewa nje na jamaa huja kula. Siku mbili baadaye, siku ya 42, kituo cha afya nacho humtaka aje kwa ukaguzi wa mwisho wa baada ya kujifungua. Mila na hospitali, ambazo kwa mengi hazipatani, hapo zimepatana: uzazi umekwisha, kilichobaki ni mtoto na kadi yake ya chanjo. Tabu ni kwamba sonona, yaani maradhi ya huzuni nzito isiyoondoka, haihesabu siku hizo. Wengi hupatwa ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, wengine baadaye zaidi, na karibu nusu ya wanaogundulika baada ya kuzaa walikuwa wameshaanza kuumwa tangu mimba, ila hakuna aliyewauliza.

Wala si maradhi ya nadra. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, katika nchi zinazoendelea wajawazito wapatao 15.6 katika kila 100, na waliojifungua 19.8 katika kila 100, hupatwa na matatizo ya akili, na mengi ya hayo ni sonona.

Kila anapopatikana mgonjwa, swali ni lilelile: kwa nini huyu? Dada zake wawili wamezaa nyumba hiyohiyo, wamekandwa na bibi huyohuyo, na hawakupatwa na kitu. Ukiweka kando jicho na hasidi, majibu huwa mawili. La kwanza ni malezi: utotoni hakupata mapenzi ya mama. La pili ni kwamba anayo ya zamani: aliwahi kuugua kabla, au kwao yapo. Majibu haya hutajwa kwa pamoja kana kwamba ni kitu kimoja, na sivyo. Yana uzito tofauti, na kila moja lina kazi yake. Maradhi ya zamani yanakwambia nani wa kufuatiliwa kwa karibu na dawa gani asipewe. Malezi yanakwambia nani akae naye chumbani.

Yasichanganywe

Kati ya siku ya 3 na ya 5, maziwa yanapojaa, zaidi ya nusu ya wazazi hulia bila sababu, huchukizwa na neno dogo, kisha hucheka. Homoni za estrojeni na projesteroni, zilizokuwa zimepanda mno wakati wa mimba, huporomoka ndani ya siku chache kondo la nyuma likishatoka. Huu ni unyonge wa siku za mwanzo. Unataka usingizi, chakula na watu wasiouliza maswali, na ndani ya wiki mbili huwa umeondoka.

Sonona ni ile inayopita wiki mbili na kukaa sehemu kubwa ya siku. Hakuna anayeingia kliniki akasema "nina sonona". Husema hana raha, moyo mzito, anafikiri sana, mwili wamchoma, kichwa kinamwanga, mtoto hamtamani. Dalili moja inafaa kuliko nyingi: usingizi wakati mtoto amelala. Kila mwenye mtoto mchanga hukosa usingizi kwa kuwa mtoto analia. Lakini anayelala macho wazi hali mtoto kalala fofofo na nyumba imetulia, huyo aulizwe zaidi.

La tatu ni kichaa cha uzazi. Huwapata mmoja au wawili katika kila wazazi 1,000, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo, na huja kwa ghafla. Anakesha siku mbili tatu na hachoki, anasema sana, anasikia sauti, anamwangalia mtoto na kudai kuwa si wake, amebadilishwa. Hii ni dharura ya siku hiyohiyo. Asiachwe peke yake na mtoto hata kwa muda wa kwenda msalani. Unguja ipo hospitali ya maradhi ya akili Kidongo Chekundu. Kwa Pemba apelekwe hospitali ya karibu, asisubiri boti. Wanaotaka kumsomea wamsomee njiani na wodini. Kinachoua ni kusubiri kwanza kisomo kiishe.

Uzito wa maradhi ya zamani

Katika mambo yote yanayojulikana kuongeza hatari, yenye nguvu zaidi ni mawili: kuwa na sonona au wasiwasi mkubwa katika mimba hii, na kuwa ameshaugua kabla. Yanayofuata ni kukosa msaada, mume mkali au asiyeonekana, na msiba au talaka ya karibuni.

Kwa nini aliyewahi kuugua augue tena? Sehemu ya jibu ilionekana mwaka 2000 katika jaribio dogo la Marekani. Wanawake 16 ambao hawakuwa wajawazito walipewa homoni kuiga hali ya mimba, kisha zikakatwa ghafla kama inavyokuwa baada ya kuzaa. Wanane kati yao waliwahi kupata sonona ya uzazi, wanane hawakuwahi. Katika kundi la kwanza, watano walirudiwa na dalili. Katika kundi la pili, hakuna hata mmoja. Homoni zilikuwa zilezile, kilichotofautiana ni miili iliyozipokea. Hapakuwa na mtoto wa kulia usiku, wala mama mkwe, wala deni la duka. Basi anayemwambia mzazi kuwa anajiendekeza, jaribio hili lamkana.

Kujua historia hiyo ndipo kazi ilipo. Ukiuliza "Umewahi kuwa na maradhi ya akili?" utajibiwa hapana, kwa sababu anayeulizwa anawaza Kidongo Chekundu na mtu anayetembea uchi sokoni. Swali liwe la hali na muda: "Kabla ya mimba hii, kuna wakati ulikaa wiki mbili au zaidi huna raha na chochote, huli vizuri, hulali, hutaki watu?" Kisha: "Baada ya kuzaa mtoto wako wa mwanzo, siku zile zilikwendaje?" Kisha: "Kwenu, mama, dada, khalati, yupo aliyechanganyikiwa au kunyamaza sana baada ya kuzaa?" Kwa hili la mwisho, mara nyingi mwenye jibu ni bibi aliyekaa kwenye benchi nje.

Historia nyingine imevaa jina jingine. "Aliwahi kupandwa na shetani alipokuwa skuli, akatibiwa akapoa." Mhudumu asiingie kwenye ubishi wa kuwa ni shetani au si shetani. Achukue tarehe. Alikuwa na umri gani? Ilichukua siku ngapi? Alikuwa analala? Alisema sana au alinyamaza? Aliwahi kutoka nyumbani usiku? Majibu hayo yatamsaidia daktari kuliko jina lolote, la kitabibu au la kiganga.

Na hapa ndipo kosa kubwa la dawa hufanyika. Mwenye maradhi ya baipola, yule ambaye hupita vipindi vya kuporomoka na vipindi vya kupanda mno, akija akiwa chini hafanani na chochote ila sonona ya kawaida. Akipewa dawa ya sonona peke yake anaweza kurushwa upande wa pili: akakesha, akatumia fedha zote, akaingia kichaani. Takriban mmoja katika kila watano wenye baipola hupata kichaa baada ya kuzaa. Basi kabla ya kidonge, liulizwe swali moja zaidi: "Kuna wakati ulikuwa na nguvu kupita kawaida, unalala kidogo na huchoki, unasema mpaka watu wakashangaa?" Likijibiwa ndiyo, apelekwe kwa daktari wa akili kwanza.

Malezi: karatasi yenye sentensi 25

Kinachotumika sana duniani kupima malezi ya utotoni ni dodoso lililotungwa Australia na Gordon Parker na wenzake wawili mwaka 1979. Lina sentensi 25, zikimwuliza mtu mzima alivyomkumbuka mama yake, kisha baba yake, mpaka alipofika miaka 16. Kila sentensi hupewa alama 0 hadi 3. Sentensi 12 zinapima mapenzi: alisema nami kwa sauti ya upole, alielewa shida zangu. Sentensi 13 zinapima kubana: alitaka kutawala kila nifanyalo, aliniona sijiwezi. Kwa mama, mpaka wa mapenzi ni 27 na wa kubana ni 13.5, kwa baba ni 24 na 12.5. Ukiunganisha pande mbili unapata pembe nne: mapenzi bila kubana, mapenzi na kubana, kuachwa bila mapenzi wala kubanwa, na ile mbaya kuliko zote, kubanwa bila mapenzi.

Uchunguzi mwingi umeona kwamba wanaotoka pembe hiyo ya mwisho hupatwa na sonona ya uzazi zaidi ya wengine. Ila nguvu yake ni ndogo kuliko ile ya maradhi ya zamani, na ukihesabu yote mawili kwa pamoja, sehemu ya malezi hupungua zaidi. Hapo baadhi hukimbilia kusema malezi hayana lolote. Ni sawa na mtu kusema mvua haina kazi kwa kuwa yeye hunywa maji ya kisimani. Malezi ya ubaridi huweza kuleta sonona ya usichanani, na sonona ya usichanani ndiyo maradhi ya zamani yanayorudi mtoto akizaliwa. Katika hesabu, maradhi yamesimama mbele ya malezi na kuyaziba.

Yapo pia yanayopita moja kwa moja. Mtoto anayelia bila kubebwa hujifunza kuwa hastahili kubebwa. Miaka 20 baadaye amezaa, mtoto wake halali, na jambo la kwanza linalomjia ni kuwa kosa ni lake. Mwili uliokulia katika hofu nao huitikia misukosuko kwa haraka, na huchelewa kutulia. Na la tatu: kuzaa humfanya mwanamke awe mwana tena. Anahitaji kulishwa, kukogeshwa, kuamkiwa usiku. Haja ile ya zamani inaamka, na kama haikutimizwa mara ya kwanza, inaamka na uchungu wake.

Kuhusu kumbukumbu, wapo wanaouliza: mwenye sonona si huona kila kitu cheusi, na utotoni pia? Suala zuri. Watu waliojaza dodoso hilo Australia miaka ya 1970 walifuatiliwa kwa miaka 20, na majibu yao hayakubadilika sana, wawe wazima au wanaugua. Bado kinachopimwa ni kumbukumbu, siyo tukio. Ndugu wawili wa tumbo moja humweleza mama mmoja kama wanawake wawili, na kila mmoja yuko sahihi kwa alichokipata yeye.

Karatasi ikivuka bahari

Sentensi mbili katika hizo 25 zinasema, kwa maana, aliniacha nitoke kila nilipotaka na aliniacha nivae nitakavyo. Msomee msichana wa Micheweni au Makunduchi. Tangu abaleghe hatoki bila kusema anakokwenda, na buibui halikuwa suala la kuchagua. Atajibu hapana na hapana, na alama za kubana zitapanda, hali yeye mwenyewe anaita hayo kutunzwa. Dodoso limepima adabu ya mji likadhani linapima ukali wa mama. Ndiyo maana upande wa mapenzi hushika karibu kila mahali, na upande wa kubana hubadilika na mila. Anayetaka kulitumia visiwani aupe uzito upande wa mapenzi, na huo wa kubana ausome kwa jicho la wenyeji.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Dodoso linadhani kila mtu alilelewa na mama mmoja na baba mmoja. Visiwani mtoto hupewa bibi yake awe wa kumtuma, hupewa khalati asiyejaaliwa kuzaa, hubaki kwa shangazi baada ya talaka, huhamia mjini kwa mjomba apate skuli nzuri. Ukimwuliza "mama yako" atakujibu aliyemzaa, ambaye pengine alikuwa akimwona Sikukuu kwa Sikukuu. Kupewa si kunyimwa. Wapo waliodekezwa na khalati kuliko ndugu zao waliobaki nyumbani. Kinachoumiza ni kuhamishwa mara nyingi bila kuambiwa sababu, au kuishi nyumba yenye watoto wa damu na mtoto wa kazi, naye akawa huyo wa kazi.

Kwa kliniki yenye foleni, sentensi 25 mara mbili hazina nafasi. Maswali matatu yanatosha: "Ulipokuwa mdogo ulilelewa na nani?" "Ukiumwa usiku, nani alikuwa akiamka?" "Ndani ya nyumba, ulikuwa ukimwogopa nani?" La pili linapima mapenzi yote ya dodoso kwa pumzi moja. Akitaja jina bila kufikiri, vizuri. Akinyamaza, akaangalia kanga yake, akasema "nikilala tu", umeshapata jibu.

Sasa, nani akae naye?

John Cox, aliyeongoza utungaji wa kipimo cha sonona ya uzazi kinachotumika sana duniani, kabla ya kufika Edinburgh alifanya kazi Kampala miaka ya 1970 na kuwachunguza wajawazito na wazazi wa Uganda, pamoja na maradhi ya uzazi ambayo Waganda huyaita amakiro. Mwaka 1983 wataalamu wengine walitoa hoja kwamba mila za kumtunza mzazi, kumpumzisha, kumkanda na kumpa heshima ya pekee, zinamkinga na sonona. Hoja nzuri, na kwa kiasi fulani ni kweli. Uchunguzi uliokuja baadaye ukaongeza sharti: zinamkinga endapo anayemtunza ndiye anayemtaka.

Arubaini ni tiba, na dawa yake ni mtu. Mimba ya kwanza, mwanamke huenda kujifungua kwao. Mama yake anachemsha maji, anamkanda, anamfunga tumbo, anampa uji wa pilipili manga na supu, anamchukua mtoto alfajiri ili alale. Kwa aliyelelewa kwa mapenzi, hakuna hospitali inayoweza kumpa mfano wake. Kwa aliyelelewa kwa kipigo na matusi, mikono inayomkanda tumbo leo ndiyo iliyompiga jana, na hana pa kuikimbia kwa siku 40. Kila kosa linasemwa: hujui kunyonyesha, hujui kubeba, sisi tulizaa tukaenda konde. Akilia anaambiwa atakausha maziwa. Huyu, arubaini inamwongezea maradhi.

Kwa hiyo mtu huyo apangwe kabla ya mwezi wa nane wa mimba, mjamzito akiwa peke yake na mhudumu: "Ukizaa, nani ungependa akukande?" Mara nyingi atataja bibi, khalati, somo wake au dada mkubwa. Ugumu ni kulifanya hilo bila kumvunjia mama heshima, na ugumu huo haudharauliki. Binti anayekataa kukandwa na mama yake atasemwa shehia nzima. Njia inayofanya kazi ni kuubebesha mzigo kituo cha afya. Kwenye kadi iandikwe kuwa akae karibu na kituo, au kuwa usiku alale na fulani. Si uongo, ndivyo alivyoandikiwa. Mama abaki na jiko, wageni na akika, kazi zenye jina na shukrani, na kukanda na usiku viende kwa mwingine. Kina mama wengi hupokea hili bila taabu. Wengine hata huonekana wamepumua.

Jambo moja dogo ambalo huachwa: nifasi, yaani damu ya baada ya kuzaa. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi visiwani, kawaida yake ni siku 40 na mwisho wake 60, na muda wote huo hakuna sala wala saumu. Aliyezoea kutulizwa na sala hukatikiwa na kamba yake wakati anapoihitaji zaidi, na mwenye sonona huligeuza hilo kuwa ushahidi kwamba Mungu amemwacha. Dhikri na dua hazikukatazwa. Mtu wa kumkumbusha, tena kwa sauti ya upole, anatosha.

Kuuliza, na makosa ya kuhesabu

Kipimo hicho cha Cox na wenzake, kiitwacho cha Edinburgh, cha mwaka 1987, kina maswali 10 juu ya siku 7 zilizopita, kila swali alama 0 hadi 3, jumla 30. Alama 13 na zaidi huashiria sonona yenye uzito. Vituo vingi huanza kufuatilia kuanzia 10. Kinapatikana kwa Kiswahili. Kosa la kawaida ni la hesabu: maswali ya 1, 2 na 4 huhesabiwa kutoka 0 kwenda 3, lakini la 3 na yale ya 5 hadi 10 huhesabiwa kinyume, jibu la juu kabisa likiwa 3. Anayejumlisha yote kwa mpangilio mmoja atampa mgonjwa alama za mzima. Swali la 10 linahusu kujidhuru. Jibu lolote lisilo 0, hata jumla ikiwa ndogo, linataka mazungumzo siku hiyo kabla hajatoka mlangoni. Kumwuliza hakumpandikizii wazo ambalo hakuwa nalo.

Kosa la pili ni la chumba. Mama mkwe akiwa amekaa pembeni, alama zitakuwa 2. Mwombe: "Bibi, nisaidie kumpeleka mtoto kwenye mizani." Dakika tano za mizani zinatosha maswali 10. Kosa la tatu ni la ujirani: mhudumu wa kujitolea anayepita nyumba kwa nyumba kwenye mpango wa Jamii ni Afya ni mtu wa shehia hiyohiyo. Hiyo ndiyo nguvu yake, na ndiyo hofu ya anayeulizwa. Aseme waziwazi atakayemwambia ni nani na asiyemwambia ni nani, na asiandike majibu mbele ya watoto wa jirani.

Na kipimo si hukumu. Alama 14 zaweza kuwa sonona, zaweza kuwa mume ameoa wiki iliyopita, zaweza kuwa damu ndogo. Upungufu wa damu ni tatizo la miaka mingi Pemba, na dalili zake, uchovu, moyo kwenda mbio, kukosa hamu, hufanana na sonona kama pacha. Wingi wa damu upimwe kabla ya maneno mengi. Aliyekuwa chini ya gramu 11 katika mimba na akapoteza damu akizaa ana sababu ya wazi. Vidonge vya madini ya chuma vinaendelea wiki 6 hadi 12 baada ya kuzaa, na wengi huviacha siku ya kwanza nyumbani kwa sababu vinafunga choo. Tezi ya shingo nayo huvurugika kwa takriban wazazi 5 katika 100.

Ikibainika ni sonona

Sonona ya kiasi hutibiwa kwa mazungumzo yenye mpango, na si lazima anayezungumza awe daktari. Pakistan, wahudumu wa afya wa vijijini walifundishwa kumtembelea mzazi tangu mwezi wa mwisho wa mimba, vikao 16, wakishughulika na fikra tatu: anavyojiona yeye, anavyomwona mtoto, na watu waliomzunguka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: mtoto alipofika miezi sita, waliotembelewa hivyo 23 katika 100 walikuwa bado na sonona, na wenzao waliotembelewa kikawaida 53 katika 100. Shirika la Afya Duniani liliufanya mpango huo kuwa kitabu cha mafunzo mwaka 2015. Hakuna kitu katika mpango huo ambacho mhudumu wa shehia hawezi kukifanya akifundishwa.

Ndani ya vikao hivyo ndipo malezi hupata kazi yake ya pili. Mzazi anayesema "mimi si mama" huulizwa neno hilo alilisikia wapi mara ya kwanza. Hakuna haja ya kumfufua mama yake na kumshitaki. Inatosha atambue kuwa sauti ile si yake.

Sonona nzito hutaka dawa. Ya kundi la sertralini huingia kidogo sana kwenye maziwa. Fluoksetini huingia zaidi na hukaa mwilini muda mrefu, lakini aliyepoa nayo wakati wa mimba kwa kawaida habadilishiwi. Haziponyi siku ya pili: wiki 2 hadi 4 ndipo huonekana nafuu, na wengi huziacha siku ya 10 wakidai hazina kazi. Akipoa aendelee kwa miezi, na kuacha ni kwa kupunguza taratibu chini ya daktari. Valproeti, ambayo hutolewa kwa kifafa na baipola, isiandikwe kwa mwanamke anayeweza kushika mimba ikiwa ipo dawa nyingine, kwa madhara yake kwa mtoto aliye tumboni; na anayeitumia asiiache ghafla, aende kwa daktari wake. Anayekunywa kombe, maji yaliyooshewa maandishi ya Kurani, aendelee, mradi kidonge hakikuachwa.

Tukirudi siku ya 42. Kliniki ya mama imefungwa, lakini mtoto bado anakuja: chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9. Kwa mama mwenye historia, tarehe hizo nne ziandikwe kwenye kadi yake tangu akiwa mjamzito, pamoja na mambo matatu: nani anakanda, nani anaamka usiku, nani wa kuitwa akikesha. Mtoto akidungwa sindano ya wiki ya 14 na kunyamazishwa, swali lirudi kwa aliyembeba: "Na wewe mama, akilala, unalala?"